Mkono wa Gramafoni Unaoelea Juu ya Hewa: Mwongozo Kamili wa Kuufunga na Kuurekebisha Unguja na Pemba

Mkono wa kawaida wa gramafoni umeshikwa nyuma na unazungukia hapo hapo, kwa hiyo sindano yake inachora tao juu ya santuri. Mashine iliyoikata santuri ile kiwandani haikwenda kwa tao. Ilikwenda mstari ulionyooka, kutoka ukingoni kuelekea katikati. Ndiyo maana mkono wa kawaida, hata ukipimwa kwa uangalifu namna gani, unakaa sawasawa na mfereji katika sehemu mbili tu za santuri, na kwengineko kote umepinda kidogo. Isitoshe, kwa kuwa kichwa chake kimekunjwa pembe, msuguano wa mfereji unaivuta sindano upande wa ndani muda wote, na ukuta mmoja wa mfereji unabeba mzigo kuliko mwenzake.

Mkono wa beringi ya hewa unayaondoa yote mawili. Unakwenda mstari ulionyooka, na hauna mota ya kuusukuma. Ni mfereji wenyewe unaouvuta polepole kwa kutumia sindano. Kwa hiyo hauwezi kuvumilia msuguano wowote wa maana, na hapo ndipo hewa inapoingia: kati ya chuma kinachotembea na chuma kilichotulia kuna utando wa hewa mwembamba kuliko unywele. Baadhi ya mikono ya namna hii, kama ET-2 ya Bruce Thigpen wa Eminent Technology huko Florida, ina paipu inayoteleza ndani ya kifuko, yaani silinda ya nje, kilichofungwa kisitembee. Mengine, kama Air Line ya Kuzma kutoka Slovenia, ina kifuko kinachoteleza juu ya fimbo iliyofungwa isitembee. Upo pia ule wa shinikizo dogo, unaopanda juu ya reli yenye matundu madogo na kutosheka na pampu ya tangi la samaki. Mwongozo huu unafaa kwa yote, panapotofautiana nitasema.

Vitabu vinavyokuja na mikono hii havikuandikwa kwa ajili ya nyumba iliyo hatua mia kutoka baharini. Kwetu kazi yenyewe ni hewa. Mtu anayeanza kubadilisha nyaya na uzani kabla hajaikausha na kuisafisha hewa yake anatupa fedha, kwa sababu kila anachokipima leo kitakuwa kimehama wiki ijayo.

Kwanza: hewa kavu

Chukua usiku wa joto wa masika. Joto nyuzi 30, unyevu asilimia 80. Kila mita ya ujazo ya hewa hiyo imebeba karibu gramu 24 za maji, na kwa joto hilo haiwezi kubeba zaidi ya gramu 30. Sasa ibane. Ukiipandisha shinikizo kwa bar 0.2 tu, yaani PSI 3 kwa kipimo kinachoandikwa kwenye geji nyingi, unyevu wake unafika asilimia 96 ikisharudi kwenye joto la chumba. Ukiipandisha hadi PSI 10, hesabu inatoa asilimia 135, na hicho si kiwango kinachowezekana. Kinachozidi mia kinageuka maji. Hewa ikitoka kwenye pampu ina joto, kwa hiyo maji hayaonekani pale. Yanaonekana mbele, hewa inapopoa ndani ya mpira, na mwisho wa mpira huo ndiyo beringi yako. Tone moja likiziba tundu la hewa, mkono unakwama katikati ya wimbo.

Watu wengi wanakimbilia silika jeli, zile punje zinazowekwa kwenye maboksi ya viatu. Zinafaa, lakini zikiachiwa kazi yote peke yake zinachoka haraka. Mkono unaokula lita 5 za hewa kwa dakika unapitisha zaidi ya gramu 7 za maji kila saa usiku kama huo. Nusu kilo ya silika itashiba baada ya saa kumi na kitu za kusikiliza.

Njia bora ni hii: bana sana, poza, mwaga maji, kisha shusha. Hewa iliyobanwa hadi PSI 30 na kupozwa inaacha maji yake mengi ndani ya tangi, kama nguo inavyokamuliwa. Inayobaki imeshiba asilimia 100 ikiwa mle tangini, lakini ukiishusha kwa regileta hadi PSI 3 inatanuka, na unyevu wake unaanguka hadi karibu asilimia 39. Hujatumia dawa wala punje yoyote. Kwa njia hii silika inapewa kazi ndogo, na ile nusu kilo inadumu zaidi ya mara mbili.

Mpangilio ninaoupendekeza, kutoka chanzo hadi mkono, ni huu.

Anza na kompresa isiyotumia oili. Za madaktari wa meno ni nzuri sana na zina kelele ndogo. Zile ndogo za kupulizia rangi zinatosha kwa mikono isiyokula hewa nyingi. Usichukue kompresa ya fundi wa pancha hata kama inauzwa bei ya kutupa. Inarusha oili hewani, na oili ikiingia kwenye beringi inashika vumbi na kugeuka ulimbo. Hewa ivutwe kutoka ndani ya nyumba, mbali na dirisha la upande wa bahari na mbali zaidi na jiko. Chumvi ya upepo wa kusi na moshi wa mafuta ya kukaangia ni maadui wakubwa kuliko vumbi la njiani.

Kutoka kwenye kompresa pitisha hewa kwenye paipu ya shaba ya milimita 6, ile wanayotumia mafundi friji, mita tatu au nne iliyokunjwa mviringo na kuning'inizwa mahali penye upepo. Hapo inapoa. Kisha iingie kwenye tangi la chuma lenye bomba la kumwagia maji chini. Tangi la breki za hewa la lori, likiwa zima na limesafishwa, linafaa sana kwa sababu limetengenezwa kubeba shinikizo kubwa kuliko unalolihitaji. Tafadhali usitumie mtungi wa gesi ya kupikia wala paipu ya plastiki ya maji. Mtungi hubaki na gesi ndani, na plastiki ikipasuka inarusha vipande.

Baada ya tangi inakuja chujio ya maikroni 5, halafu chupa ya silika, halafu chujio nyengine nyembamba zaidi. Chujio hii ya mwisho si anasa: silika inatoa unga wake mwenyewe, na unga huo hautakiwi kufika kwenye beringi. Ndipo regileta na geji yake, na baada ya hapo tangi dogo la pili, lita mbili tatu, karibu na gramafoni. Kazi ya tangi hili ni kulainisha mapigo. Pampu ya utando inayotumia umeme wetu wa Hz 50 inapiga kwa kasi hiyo hiyo, na mapigo yakifika kwenye mkono utayasikia chini ya besi kama ngurumo isiyokwisha. Tangi dogo pamoja na kipande kifupi cha mpira mwembamba kabla yake vinayazima karibu yote.

Kama mkono wako ni ule wa shinikizo dogo na una pampu ya samaki tu, huwezi kubana hadi PSI 30. Hapo itakubidi utegemee silika. Nunua ya rangi ya chungwa kuliko ya buluu, maana ile ya buluu ina kobalti, nayo si kitu cha kushikashika. Ikibadilika rangi ioke kwenye oveni nyuzi 110 hadi 120 kwa saa chache, iache ipoe ndani ya chombo kilichofungwa vizuri, kisha irudishe. Kuwa na chupa mbili, moja kazini na nyengine tayari.

Kelele za pampu zisikusumbue sana. Kuta za nyumba za Mji Mkongwe ni nene, nusu mita na zaidi, na kompresa ikiwekwa chumba cha pili husikii kitu. Tumia mpira wenye tundu la milimita 8 kwa safari ndefu, na mwembamba kwa nusu mita ya mwisho tu.

Umeme ukikatika

Unguja inapata umeme kwa nyaya za chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, wa kwanza ukiwa wa mwaka 1980 na wa pili wa 2013, na Pemba inapata wake kutoka Tanga tangu 2010. Wanaokumbuka kiza cha kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 hawahitaji kuelezwa kwamba umeme unaweza kuondoka. Kwa mkono huu jambo la kuogopa ni mpangilio wa kuondoka kwake.

Hewa ikisimama, mkono unakaa juu ya chuma na kukwama pale pale. Kama santuri bado inazunguka, mfereji unaendelea kuivuta sindano ndani, mkono haufuati, na kijiti cha sindano kinapinda. Katriji nzuri, yaani kile kiboksi kinachoshika sindano, inaweza kuharibika kwa mizunguko michache tu. Kwa hiyo kanuni haina msamaha: sahani inayobeba santuri isizunguke bila hewa, hata mara moja.

Unganisha kompresa na mota ya gramafoni kwenye swichi moja. Kama una inveta na betri, weka vyote viwili juu yake au usiweke hata kimoja. Kosa baya kuliko yote ni kuilinda gramafoni kwa betri na kuiacha pampu kwenye umeme wa kawaida. Inveta iwe ya wimbi safi, la sivyo pampu itanguruma na mota itayumba.

Hapa tangi kubwa linakufaa kwa mara ya pili. Tangi la lita 20 likiwa na PSI 10, na mkono wako unafanya kazi kwa PSI 4, lina takriban lita 8 za hewa ya kutumia kabla halijashuka chini ya PSI 4. Kwa lita 5 kwa dakika unapata dakika moja na nusu, muda unaotosha kuinuka na kunyanyua sindano kwa utulivu. Likiwa na PSI 30 unapata muda mrefu zaidi.

Mahali na usawa

Kama nyumba yako ni ya matofali na sakafu ya zege, weka meza nzito, endelea. Mwenye nyumba ya zamani ana kazi zaidi. Ghorofa za Mji Mkongwe zimelala juu ya boriti za mikoko, na katikati ya chumba zinacheza mtu akipita. Karibu na ukuta, pale vichwa vya boriti vinapoingia ukutani, sakafu ni ngumu zaidi, basi meza iegemee huko. Rafu ya ukutani ni bora kuliko meza, ila ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa haushiki vizibo vidogo vya plastiki. Unataka bolti ndefu za milimita 10 zilizoingia ndani hasa, na matundu yazibwe kwa udongo wa chokaa. Saruji inazuia ukuta wa zamani kupumua, na baada ya muda chokaa iliyo pembeni inamenyuka. Zidaka, yale mashubaka ya ukutani, zinatamanisha, lakini nyingi hazina kina cha kubeba gramafoni nzima; pima kabla hujaamua.

Usawa wa mkono huu unadai zaidi kuliko wa mkono wa kawaida. Ukiinama, mkono mzima unateremka. Mkono wa gramu 40 ukiinama nyuzi moja tu unasukumwa pembeni kwa nguvu ya karibu gramu 0.7, na sindano yenyewe huenda inabonyezwa kwa gramu 2. Hiyo ni theluthi nzima ya uzito, inakwenda pasipotakiwa.

Anza na sahani: weka pimamaji juu yake, sawazisha kwa miguu ya gramafoni, kisha geuza pimamaji robo mzunguko na urudie. Halafu weka pimamaji juu ya reli au kifuko cha mkono. Pimamaji nzuri ya mjenzi itakufikisha karibu sana. Hatua ya mwisho inafanywa na mkono wenyewe. Washa hewa, usawazishe mkono ili kichwa kielee bila kugusa kitu, uuweke katikati, na uachie vidole. Unatakiwa utulie. Kisha chomeka karatasi tatu za kuandikia chini ya mguu wa upande mmoja. Uanze kusogea wenyewe kuelekea upande wa pili. Zihamishie upande mwengine, nao urudi. Mkono unaojibu karatasi tatu una beringi safi.

Jinsi unavyosogea nako kunasema jambo, na ni vyema kukaa hapa kidogo mpaka macho yazoee. Ukielekea upande mmoja kutoka kila mahali, usawa bado. Ukirudi mahali pamoja kila unapouondoa, iwe umeusukuma ndani au nje, basi nyaya zinauvuta kama springi. Ukisita sehemu moja tu na kwengine ukapita laini, kuna uchafu au maji hapo. Dalili hizi tatu zinatosha kukuonyesha karibu kila tatizo utakalokutana nalo.

Na usiusukume mkono hewa ikiwa imezimwa. Kila msukumo mkavu unakwaruza nyuso mbili zilizosuguliwa kwa vipimo vya maikroni.

Kuuweka kwenye mstari

Sindano inatakiwa ipite juu ya mstari unaotoka ukingoni mwa santuri hadi katikati ya msumari wa sahani. Chora mstari huo kwenye karatasi ngumu, toboa tundu la msumari likae barabara bila kucheza, na uilaze juu ya sahani iliyofungwa isizunguke kwa kipande cha gundi ya karatasi.

Lete sindano ukingoni, kama milimita 146 kutoka katikati, uiteremshe kwa upole ikae juu ya mstari. Kisha ipeleke ndani, milimita 60 kutoka katikati. Ikiwa imekaa pembeni ya mstari kwa kiasi kile kile sehemu zote mbili, sogeza katriji mbele au nyuma kwenye kichwa. Ikiwa iko sawa ukingoni na imetoka ndani, au kinyume chake, basi reli haiko sambamba na mstari: legeza kitako cha mkono na ukizungushe kidogo sana.

Kiamini kipimo cha ndani kuliko cha nje. Sindano ikiwa nje ya mstari kwa milimita moja, ukingoni kosa la pembe ni nyuzi 0.4 tu, lakini mwishoni mwa santuri linakaribia nyuzi moja kamili, na huko ndiko mfereji umebanana na sauti ya "s" inaharibika upesi. Ukimaliza, tazama katriji yenyewe kutoka mbele na juu. Kijiti cha sindano ndicho kinachotakiwa kiwe mraba na mstari. Boksi la katriji lisikudanganye, maana si kila kijiti kimefungwa sawa na boksi lake.

Uzito wa sindano upime kwa mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01. Sahani ya mizani isiwe ya chuma kinachovutwa na sumaku, kwa sababu sumaku ya katriji itaivuta na kukupa namba ya uongo. Pima kwenye kimo cha santuri hasa, hewa ikiwa imewashwa, mara moja ukingoni na mara moja ndani. Namba zikitofautiana, reli haiko sambamba na sahani, au nyaya zinaingilia. Fuata kiwango cha mtengenezaji wa katriji na uelekee sehemu ya juu ya kiwango hicho. Sindano inayobonyezwa kidogo mno inaruka ndani ya mfereji na kuuharibu kuliko iliyobonyezwa sawasawa.

Kimo cha mkono anza ukiwa sambamba na santuri, kisha sikiliza. Kuinama kwa kichwa kulia au kushoto kupime kwa kioo kidogo chembamba: sindano na kivuli chake kiooni viwe mstari mmoja uliosimama.

Nyaya

Hizi zinastahili kichwa chao peke yao. Nyaya nne zinazotoka kwenye katriji lazima zitembee na mkono kutoka mwanzo hadi mwisho, na nguvu inayotosha kuharibu mambo ni ndogo mno kuhisiwa kwa kidole. Tumia nyaya nyembamba kabisa zenye nyuzi nyingi, zipe kitanzi kipana kinachoning'inia huru, na kitanzi kitoke juu ya katikati ya safari ya mkono ili mvuto wake uwe mdogo kwa pande zote mbili. Usizifunge pamoja kwa gundi. Joto letu linalainisha gundi ya karatasi, inatiririka na kunata, na nyaya zinaanza kushikana. Fundo dogo la uzi wa pamba linatosha.

Mabadiliko yenye faida

Badiliko la kwanza, na linalozidi mengine yote, umeshalifanya: hewa. La pili ni shinikizo. Beringi ikipata shinikizo zaidi inakuwa ngumu, na besi inasimama imara. Ila panda polepole, PSI moja moja, na usivuke kiwango alichokitaja mtengenezaji. Mikono mengine ikizidishiwa hewa inaanza kulia filimbi nyembamba, au inatetemeka ukiigusa kwa ukucha. Ukiisikia, rudi chini.

La tatu ni uzani wa nyuma, na hapa mazoea ya mikono ya kawaida yanapotosha. Kwenye mkono wa kawaida tunafundishwa kutumia uzani mzito na kuuweka karibu na beringi. Kwenye mkono huu, ule mwendo wa pembeni unabeba kila gramu iliyopo, haijalishi iko wapi. Uzani wa gramu 30 uliokaa sentimita 3 kutoka kwenye egemeo unalingana na wa gramu 15 uliokaa sentimita 6. Kwa mwendo wa pembeni, uzani huo wa pili umekupunguzia gramu 15 nzima. Kwa mwendo wa juu na chini umeongeza uzito wa mzunguko mara mbili, lakini upande huo mkono huu ni mwepesi tangu mwanzo na unaweza kuuvumilia. Basi uzani mdogo, mbali na egemeo. Fimbo yake ya nyuma ikiwa na springi ya ubapa kama ya ET-2, usiikaze; imewekwa makusudi ili uzani usitembee pamoja na mkono katika mitikisiko ya chini.

Kwa nini gramu za pembeni zinahangaisha hivi? Kwa sababu uzito wa mkono na ulaini wa kijiti cha sindano vinapiga pamoja kwa kasi yao wenyewe. Zidisha gramu zote zinazotembea kwa ulaini ulioandikwa kwenye karatasi ya katriji, tafuta kipeuo cha pili, kisha gawa 159 kwa jibu hilo. Gramu 40 na ulaini wa 12 zinatoa Hz 7.3, na hapo panakubalika. Gramu hizo hizo na katriji laini ya 30 zinatoa Hz 4.6, karibu mno na mawimbi ya santuri zilizopinda. Kwa hiyo chagua katriji ngumu kiasi au ya wastani.

La nne ni kidimbwi cha mafuta ya silikoni, chenye kipande chembamba cha bapa kilichofungwa mkononi na kuzama ncha yake. Mafuta hayapingi mwendo wa polepole wa mkono kuingia ndani. Yanapinga mtikisiko wa haraka tu, na ndiyo unaoutaka uzimwe. Anza na ncha ikigusa mafuta kidogo sana. Muziki ukianza kukosa pumzi, umezidisha. Funika kidimbwi usipokitumia, maana vumbi la chokaa linaloanguka kutoka darini linakigeuza uji.

Paipu za vito adimu, skrubu za dhahabu na nyaya za bei ya pikipiki ziache mpaka haya yote yawe yametulia.

Santuri za taarab na matundu yaliyolika

Tabia ya mkono huu inaonekana wazi kuliko popote kwenye santuri zetu za zamani. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi, na santuri za enzi hizo zinazunguka mara 78 kwa dakika. Nyingi zilizobaki majumbani zimepigwa mpaka tundu la katikati limepanuka, au hazikutobolewa katikati tangu kiwandani. Santuri ikiwa nje ya katikati kwa milimita moja, mkono wa gramu 40 unalazimika kwenda na kurudi kila mzunguko. Kwa mizunguko 33 nguvu ya pembeni ni kama gramu 0.05, hakuna shida. Kwa 45 inakaribia 0.09. Kwa 78 ni 0.27, na kijiti cha ulaini wa 12 kinapinda maikroni 32 kushoto na kulia, tena na tena, zaidi ya mara moja kila sekunde.

Dawa ni kuiweka santuri katikati kwa macho. Tundu likiwa limelika, kuna nafasi ya kucheza kuzunguka msumari. Teremsha sindano, tazama mkono ukiyumba, nyanyua, isukume santuri kwa kidole kuelekea upande unaopunguza kuyumba, na urudie mpaka mkono utulie. Kama tundu halichezi na santuri bado inayumba sana, ipige kwa mkono wa kawaida mwepesi. Usiitoboe, santuri hizo hazipatikani tena.

Kwa hizo za 78 tumia sindano pana ya maikroni 65 hadi 75, kwa sababu ya kisasa inazama chini kabisa ya mfereji na kuchota uchafu tu. Na usizisafishe kwa spiriti. Zimetengenezwa kwa lakiri, na spiriti inaiyeyusha. Maji yaliyosafishwa, tone la sabuni laini na kitambaa cha pamba vinatosha, na lebo isiloe.

Matunzo ya kila wakati

Mwaga maji ya tangi kila unapomaliza kusikiliza, wakati wa masika hata katikati ya kusikiliza. Ukiona maji kwenye chujio ya pili, silika imeshashiba zamani. Mara moja kwa mwezi pitisha kitambaa kisichoacha nyuzi, chenye spiriti safi ya asilimia 99, juu ya sehemu inayoteleza, hewa ikiwa imewashwa ili uchafu usukumwe nje. Usitie oili ya aina yoyote, hata ile ya cherehani. Beringi hii inalainishwa na hewa peke yake.

Unaposafiri, toa katriji, iweke kwenye boksi lake pamoja na kipakiti cha silika, funga mkono kwa kifungo chake, na uzibe mwisho wa mpira kwa kizibo ili hewa ya bahari isiingie ndani. Ukirudi, washa kompresa kwanza na uiache ipulize dakika kumi na tano kabla hujaugusa mkono, kisha rudia jaribio la karatasi tatu.